Jinsi ya kuitumia "get" bila kuhangaika: angalia neno linaloifuata

Kuna watu wanajua Kiingereza kizuri tu, wanasoma magazeti, wanaandika barua za kazini, lakini wakikutana na get wanaikwepa kabisa, wanaandika obtain, wanaandika become, wanaandika reach, mradi wasiguse hako kaneno kenye herufi tatu. Na ukiwauliza watakwambia get haina maana, yaani kila siku ina maana mpya. Mi nakataa. Get ina maana nyingi kweli, ila haigawi maana zake hovyo, inaangalia neno linaloifuata. Ukijua kuangalia kilichokaa mbele yake umeshamaliza robo tatu ya kazi, na ndo hicho nataka tukifanye hapa taratibu mpaka kieleweke.

Kwanza asili yake maana inasaidia sana. Get sio neno walilozaliwa nalo Waingereza, limeletwa na Waviking, wale mabaharia wa huko Denmark na Norway. Mwaka 793 walivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, kisiwa kidogo kaskazini mashariki mwa Uingereza, wakawa wanapora na kuondoka, baadaye 865 likaja jeshi kubwa kabisa na safari hii wengi wakabaki, wakalima, wakaoa, wakawa majirani. Kwa lugha yao walikuwa na kitenzi geta, kupata. Sasa mtu akikuuzia kitu unaazima jina la kitu, lakini mpaka ukaazima kitenzi cha kila saa kama kupata ujue mmekaa nyumba moja, mnakula pamoja, watoto wenu wanacheza pamoja. Kwa njia hiyohiyo Kiingereza kikapata take, kikapata egg, knife, window, hadi they, yaani "wao", neno ambalo lugha haiazimi kirahisi.

Waingereza wenyewe walikuwa na ndugu wa get ila hakutembea peke yake, alikuwa amegandishwa kwenye maneno mengine, na wale ndugu bado wapo mpaka leo. Mmoja ni forget, hiyo for ya mwanzo ilikuwa inabeba maana ya kupoteza, kwahiyo forget ni kuachia ulichokuwa umeshika, kusahau. Zamani waliitamka kwa sauti ya y, kama foryet, hii g ngumu tunayoisikia leo ni mdomo wa Waviking. Mwingine ni beget, huyu kwa kawaida unamkuta kwenye Biblia ya Kiingereza ya 1611, pale Mathayo sura ya kwanza, "Abraham begat Isaac", Ibrahimu alimzaa Isaka, na Yohana 3:16 wameandika "only begotten Son". Kwahiyo ukiwa umekariri get, got, gotten basi umekariri na forget, forgot, forgotten hapohapo, ni ukoo mmoja. Ukienda mbali zaidi mzizi wao ni kushika kwa mkono, na Kilatini kina ndugu yao prehendere, kushika, kilichozaa comprehend, kuelewa, sawa na sisi tunavyosema mtoto ameshika somo.

Shika hilo la mkono. Maana zote zinatokea hapo: unashika kitu, unashika hali, unashika mahali.

Haya tuanze. Get ikifuatwa na jina la kitu, ni kupata. "I got a job", nilipata kazi. "Did you get my message?", ulipata meseji yangu? Hii haina shida, ila kuna kitu kimoja watu wanachanganya, get ni lile tukio la kupata na have ni kuwa nacho. "I get a car" haimaanishi nina gari. Ukitaka kusema unalo sema "I have a car" au "I've got a car", na hiyo have got asili yake ni "nimepata", ukishapata si ndo unacho, basi Kiingereza kikaitumia hivyohivyo kwa maana ya kuwa nacho. Na kununua pia kunaingia hapa, "get some bread on your way home", pitia mkate ukiwa unarudi.

Ikifuatwa na sifa, hapa ndo penye utamu na ndo wengi wanapoanguka, get inakuwa ni kuingia kwenye hali. Get tired, get angry, get old, get wet, get drunk, get lost. Sasa angalia Kiswahili chetu, sisi hatuhitaji maneno mawili, tunacho kitenzi kimoja kilichobeba kila kitu ndani: choka, kasirika, zeeka, lowa, lewa, potea. Tatizo linaanzia hapo, mtu anasema "nimechoka" kichwani anatafsiri anapata "I have tired", sio. Tumia njia hii kwa hizi za sifa tu, naiamini kabisa: kiambishi chako cha wakati ndo kinakwambia uweke nini. Ukiwa na -me- weka be, ukiwa na -na- weka getting, ukiwa na -li- weka got. Nimechoka, "I'm tired". Nachoka, au naanza kuchoka, "I'm getting tired". Nilichoka, "I got tired". Jaribu na zeeka: mzee amezeeka, "he's old", anazeeka, "he's getting old". Jaribu na lowa: nguo zimelowa, "the clothes are wet", zililowa na mvua, "they got wet in the rain". Na potea: tumepotea, "we're lost", jana tulipotea, "we got lost yesterday". Ya baadaye nayo ni hivyohivyo, utachoka, "you'll get tired".

Inaingia kila mahali mpaka kwenye salamu za hospitali. Mtu anakuuliza mama anaendeleaje, unajibu anaendelea vizuri, kwa Kiingereza "she's getting better". Na kadi ya mgonjwa inaandikwa "Get well soon", kwetu ni ugua pole. Giza linaingia, "it's getting dark". Muda umeenda, tuondoke, "it's getting late".

Ila kuna hali get haizitaki. Kulala usingizi ni "fall asleep", sio get asleep. Kupenda ni "fall in love". Na nyingi zinazoharibika zinakwenda na go: maziwa yameharibika, "the milk has gone bad", kupofuka ni "go blind", kuwa kiziwi ni "go deaf". Hizo zikariri tu, sio nyingi kihivyo.

Ikifuatwa na mahali, ni kufika. "We got to Dodoma at noon", tulifika Dodoma saa sita mchana. Weka to kabla ya mahali isipokuwa home, here na there, hizo tatu hazitaki to kabisa. "I got home late", sio "I got to home". Kwetu huku Afrika Mashariki tunapenda sana kusema "I have reached", na tukielewana wenyewe kwa wenyewe hakuna shida, lakini mgeni atakaa anasubiri umalizie umefika wapi, kwasababu kwao reach inataka kitu mbele yake. Mwambie "I got here" au "I've just got home", atakuelewa palepale.

Tukiwa hapohapo kwenye safari, kupanda na kushuka. Daladala, matatu, treni, meli, ndege unasema get on na get off. Teksi, gari ndogo, bajaji unasema get in na get out of. Kwanini? Chombo ambacho unaweza kusimama ukatembea ndani yake ni on, chombo ambacho unainama unaingia unakaa tu ni in. Bodaboda, baiskeli na farasi ni on kwasababu unakaa juu yake. Kwahiyo "I got off the bus at Ubungo and got in a taxi". Neno alight ambalo Kenya linatumika sana lipo sawa kabisa ila ni la matangazo na vibao, ukimwambia rafiki yako "I alighted" atakuona rasmi mno.

Ikifuatwa na kitenzi cha umbo la tatu, yaani paid, fired, robbed, hurt, stuck, inafanana na -w- yetu ya kutendwa. Kulipwa, "get paid". Kufukuzwa kazi, "get fired". Kuibiwa, "get robbed". "We get paid at the end of the month", tunalipwa mwisho wa mwezi. Tofauti yake na "we are paid" ni kwamba get inaonyesha tukio, kitu kimekukuta, kiwe cha kheri au cha shari. Ndo maana haikubali vitenzi ambavyo sio tukio, huwezi kusema "he got loved by everybody" au "the answer got known", hapo rudi kwenye was. Afu kuna get married, hii inahitaji uangalifu maana sisi tuna oa na olewa, wao hawatenganishi, mwanaume "he got married" na mwanamke "she got married". Na sio married with. Ni "she got married to a teacher", ameolewa na mwalimu, hiyo "na" yetu ndo inayotuponza.

Sasa njoo kwenye kipande ninachokipenda kuliko vyote maana naona kinafundishwa kwa haraka sana wakati Mswahili anakihitaji kila siku. Sikiliza tunavyoongea. Mtu katoka saluni anasema "nimesuka". Kasuka yeye? Hapana, kasukwa na msusi. Mtu katoka kwa kinyozi anasema "nimenyoa". Mtu kapeleka kitambaa kwa fundi anasema "nimeshona gauni". Mtu katoka hospitali kashika shavu anasema "nimeng'oa jino". Kiswahili kinaruhusu, kila mtu anajua kuna fundi hapo katikati, wala hakuna anayeuliza. Kiingereza mara nyingi hakiruhusu hivyo, ukisema "I removed my tooth" msikilizaji anaiona picha yako umesimama mbele ya kioo na koleo. Kiingereza kinataka uonyeshe kwamba kazi kafanya mwingine, na get inafanya hiyo kazi kwa mpangilio huu: get, kisha kitu, kisha kitenzi umbo la tatu.

"I got my hair braided", nimesuka. "I got my hair cut", nimenyoa. "I got a dress made", nimeshona gauni kwa fundi. "I got a tooth pulled", nimeng'oa jino. "I got my phone fixed", nimetengeneza simu, yaani nimeipeleka ikatengenezwa. Mpangilio wa maneno ndo kila kitu hapo, ukisema "I got cut my hair" umeharibu, na ukisema "I fixed my phone" umesema wewe ndo fundi. Kama kitu chenyewe ni mwili wako mzima basi hakikai katikati, unasema "I got vaccinated", nimechanja, "I got tested for malaria", nimepima malaria. Kaa siku nzima ujisikilize unavyoongea Kiswahili, kila ukisema umefanya jambo ambalo kalifanya fundi, msusi, daktari au mpiga picha, geuza kichwani iwe ya get. Utashangaa zilivyo nyingi.

Katikati akikaa mtu badala ya kitu, maana inakuwa kumfanya mtu akubali, na hapo inakuja to. "I got the landlord to fix the tap", nilimbembeleza baba mwenye nyumba mpaka akatengeneza bomba. Ndani ya get kuna juhudi, umeongea, umeshawishi, umezungushwa kidogo. Make ni nguvu na haina to, "my mother made me wash the dishes", mama alinilazimisha. Let ni ruhusa na nayo haina to. Kwa hizo tatu get peke yake ndo inabeba to, usiisahau.

Na to ikikaa hapohapo bila mtu katikati, ikifuatwa na kitenzi, ni kupata nafasi. "I got to see the mountain before the clouds came", nilipata kuuona mlima kabla ya mawingu. Ona Kiswahili kinavyosema kitu kilekile, nilipata kuona, sijapata kuona! Hapa usitafsiri hata, peleka moja kwa moja. Angalizo tu, "I've got to go" ni lazima niende, hiyo ndo wanayoitamka gotta, na kwenye maongezi ile 've inamezwa kabisa unasikia "I gotta go". Hiyo gotta ongea ukitaka, kwenye karatasi ya mtihani usiiandike.

Zile za get na kaneno kadogo nyuma yake, get over, get by, get along na wenzake, nitazipitia kwa haraka maana ni nyingi na hazina njia ya mkato. Get along ni kupatana, tena neno letu lenyewe limetoka kwenye pata, "they don't get along", hawapatani. Get by ni kusukuma maisha. Get over ni kupona au kusahau machungu. Get rid of ni kuondokana na kitu. Get away with ni kufanya kosa usiguswe. Get through to mtu ni kumpata kwenye simu, "I couldn't get through to her", sikumpata hewani. Jifunze moja moja ndani ya sentensi, ukikariri orodha zitachanganyika.

Bado kuelewa. "I get it", nimeelewa. "Do you get me?", unanipata? Hii sisi tunayo tayari, unanipata, nimekupata. Ila kwa Kiingereza usiiweke kwenye -ing, "are you getting me?" inasikika sana huku kwetu na watu wa nje wanaiona ngeni, wao wanasema "do you get me?" au "did you get that?".

Kuhusu umbo, kosa kubwa ni "did you got". Did ikishakuja imebeba wakati uliopita yenyewe, get inabaki get: "did you get it?", "I didn't get it". Na kuhusu gotten, usimcheke anayeisema wala usimsahihishe, ni umbo la zamani ambalo wahamiaji walivuka nalo kwenda Marekani miaka ya 1600, Waingereza waliobaki wakaliacha polepole. Mmarekani anatenganisha, "I've gotten a car" nimepata gari, "I've got a car" nina gari. Muingereza wa kawaida anasema got kote, ingawa bado ana ill-gotten, mali ya haramu. Chagua upande mmoja, na kama unafanya mtihani wa NECTA au wa Kenya kaa na got.

Mwisho ni wapi usiitumie. Baada ya Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066 Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, ndo yakaja receive, obtain, arrive, na mpaka leo yanasikika ya ofisini. Kama kwetu tu, mgeni nyumbani anafika, rais kwenye taarifa ya habari anawasili, na wasili ni ya Kiarabu. Kwahiyo barua ya maombi ya kazi andika "I received my certificate in 2019", ukimpigia rafiki sema "I got my certificate". Insha ya shule andika "the situation became worse", kwenye maongezi "it got worse". Na kama unaandika imeili ya kazini kwa mtu mnayezoeana, get inafaa kabisa, "I'll get back to you tomorrow" inaandikwa na mabosi kila siku na hakuna anayeshtuka.

Kwa mazoezi chukua hizi tano uziandike kwa Kiingereza kabla hujasoma majibu: nimechoka, nimechanja, tulifika nyumbani usiku, anazeeka, nilimshawishi kaka aniazime pikipiki. Majibu: I'm tired, I got vaccinated, we got home at night, he's getting old, I got my brother to lend me his motorbike. Ukikosa ya kwanza rudi kwenye -me-, na ukikosa ya tatu ni ile to ya home.